Kabla ya Kununua Antene, Tupige Hesabu kwenye Kaye



Wengi mnakumbuka usiku wa tarehe 28 mwezi wa kwanza 2024, Leopards wetu walipocheza na Misri katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire. Kwa saa yetu ya mashariki mchezo ulianza saa nne ya usiku. Ukaingia muda wa nyongeza, ukaingia penalti, na Leopards wakashinda penalti 8 kwa 7. Kartye yote ya Goma ilipiga vigelegele. Lakini saa sita ya usiku ilikuwa imekwisha kupita, na katika kikundi chetu mama wanne hawakupiga vigelegele. Watoto wao walikuwa bado kwenye chumba cha video, mbali na nyumbani, na siku zile mji wetu ulikuwa na wasiwasi mwingi. Mama mmoja alishika tochi ya simu, akatoka kumtafuta binti yake wa miaka 13. Alimkuta njiani, anasindikizwa na kijana mkubwa ambaye hakuna aliyemjua.

Tunamshukuru Mungu, hakuna baya lililotokea. Lakini Jumamosi iliyofuata, kwenye mkutano, tuliulizana: tutawakataza watoto televizyo mpaka lini? Kukataza bila kuwapa kitu mahali pake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Tukakubaliana kikundi kinunue televizyo yake, tuiweke katika nyumba ya mbao tunamofanyia mikutano na masomo ya kusoma na kuandika ya jioni. Watoto wataangalia mbele ya macho yetu, na saa mbili na nusu kila mmoja atarudi kwao. Kukiwa na mchezo mkubwa wa usiku, mama wawili watakesha nao.

Wazo lilikuwa zuri. Namna tulivyolitimiza ndiyo iliyotuumiza, na ndiyo tunayotaka kuwaelezea leo, ili pesa ya vikundi vingine isipotee kama yetu.

KOSA LETU

Sisi ni MUSO kama nyingi mnazozijua, yenye sanduku la kijani la akiba na mikopo, na sanduku jekundu la kusaidiana. Sanduku jekundu hatukuligusa. Tulichukua kwenye faida ya sanduku la kijani, na kila memba akaongeza kidogo. Wajane wawili walileta pesa yao yote ya wiki ya kuuza ndizi.

Tulituma watu watatu sokoni. Muuzaji mmoja aliwapokea vizuri sana. Aliwapa televizyo ya inchi 32 ya umeme wa volti 220, dekoda, antene ya mviringo kama sahani ya plastiki ambayo alisema inapokea pande zote, na konvertisere, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri wa volti 12 kuwa volti 220. Tulipomwambia kwamba umeme katika kartye yetu ni wa kubahatisha, akatuongezea batri ya gari iliyotumika. Hatukuuliza swali hata moja. Tuliona haya. Tulifikiri mambo ya nyaya ni ya wanaume, na hatukutaka kuchekwa.

Wiki ya kwanza umeme wa mji ulikuwepo, tukafurahi. Ulipokatika, tukawasha batri. Baada ya saa moja na nusu konvertisere ikaanza kulia, na televizyo ikazimika katikati ya habari. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Na picha yenyewe ilikuwa inasimama kila dakika, uso wa msomaji wa habari unakatika vipande vipande. Baada ya wiki sita batri ilikufa kabisa. Watoto wakarudi kwenye chumba cha video. Mume wa memba mmoja alicheka mbele ya watu: "Wamama na umeme!" Memba watatu waliomba warudishiwe hisa zao. Mweka hazina wetu, ambaye hajawahi kupoteza hata franka mia, alilia.

Aibu kubwa ilikuwa kwetu sisi walimu tuliomo ndani ya kikundi. Kila asubuhi tunafundisha watoto kuzidisha na kugawanya, na siku ya kununua hatukuzidisha wala kugawanya kitu chochote.

Tulimwita fundi mmoja kijana wa kartye. Tulimwambia: usitutengenezee kwanza, tufundishe kwanza. Alikubali. Tulinunua kaye mpya, na hii ndiyo iliyoandikwa ndani yake.

ANTENE: MAHALI KWANZA, BEI BAADAYE

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni kwamba antene yetu ilikuwa ndani ya nyumba, chini ya mabati, yale tunayoita manjanja. Mawimbi ya televizyo hayapiti kwenye bati. Kuweka antene chini ya manjanja ni kama kuweka ndoo ya kukinga mvua chini ya paa. Alipoitoa nje na kuipandisha juu ya mti mrefu, picha ikawa afadhali kabla hatujanunua kitu chochote.

Jambo la pili ni aina ya antene. Ile ya mviringo inasikia pande zote, lakini inasikia kidogo kila upande. Inawafaa watu wanaohama kila siku na hawajui mawimbi yanatoka wapi. Anayekaa mahali pamoja inamfaa zaidi antene ndefu yenye vijiti vingi, iliyo kama mgongo wa samaki, ambayo wengine wanaiita reki. Hiyo inasikia upande mmoja tu, lakini inasikia mbali, na kelele za pembeni inaziacha. Televizyo ya kidijitali inatumia hasa mawimbi mafupi ambayo mafundi wanayaita UHF, kwa hiyo vijiti vyake si virefu: vingi vinapata sentimeta 15 mpaka 30. Ukiona antene yenye vijiti virefu kama mkono wa mtu mzima, hiyo ilitengenezwa kwa mawimbi ya zamani.

Jambo la tatu ni kuielekeza. Ncha yenye vijiti vifupi ndiyo inayotazama mlingoti unaotuma picha. Kama hamjui mlingoti uko wapi, angalieni antene za majirani wanaopata picha nzuri. Angalieni pia kama vijiti vyao vimelala au vimesimama, na vyenu viwe hivyohivyo. Kisha mtu mmoja azungushe antene polepole, na mwingine asimame mbele ya televizyo, kwenye ukurasa wa dekoda unaoonyesha mistari miwili: nguvu na ubora. Mstari wa ubora ndio wa kufuata. Picha ya zamani ilikuwa inaharibika kidogo kidogo, inajaa chembe nyeupe. Ya kidijitali haina katikati: inapatikana nzuri, au inakatika vipande na kupotea. Kwa hiyo msikubali mahali ambapo picha inakuja kwa shida, kwa sababu siku ya mvua itapotea kabisa.

Waya nayo ni sehemu ya antene. Tulikuwa na mita 20 zimezungushwa kama kamba ya ng'ombe nyuma ya televizyo. Hata waya nzuri inapoteza karibu theluthi moja ya nguvu ya mawimbi katika kila mita 10, na ile nyembamba ya bei ndogo inapoteza zaidi. Nunueni waya nene ya televizyo, ile ya omu 75, kwa urefu unaohitajika tu, na kiungo cha nje mkifunge vizuri maji yasiingie.

Kuhusu dekoda, someni maandishi kwenye katoni kabla ya kulipa. Tafuteni DVB-T2. Yenye T tu, bila 2, haisomi matangazo ya T2. Na kabla ya yote, muulizeni jirani anapata chaneli gani na kwa kifaa gani. Penye milima katikati, kama vijiji vingi vyetu, huenda antene ya kawaida isipate kitu hata ikipandishwa namna gani. Hapo ni heri kujua mapema kuliko baada ya kununua.

AMPLI: MTUMISHI MDOGO ANAYEKULA SANA

Antene nyingi zinauzwa pamoja na ampli, kifaa kidogo cha kukuza mawimbi. Wamama, tuelewane vizuri hapa. Ampli haitengenezi picha isiyokuwepo. Inakuza inachokipata, na kelele pamoja. Mahali pake ni juu, karibu na antene, kabla waya haijapoteza nguvu. Ukiiweka nyuma ya televizyo, unakuza mawimbi yaliyokwisha kuchoka.

Sasa, inapata umeme wapi kule juu? Inaupata kupitia waya ileile ya antene. Chini kuna kisanduku kinachopandisha umeme kwa waya, na picha inashuka kwa waya hiyohiyo. Kisanduku chetu kilikuwa cha volti 220. Ampli yenyewe inahitaji wati 1 tu, chini ya taa ndogo kabisa. Lakini ili kuilisha hiyo wati 1, tulikuwa tunawasha konvertisere, na konvertisere ikiwaka inakula wati zake yenyewe, 5, 10 au zaidi, hata kama haijabeba kitu. Ni kama kukodi lori kupeleka kikapu kimoja cha fofo sokoni. Dawa ni rahisi: visanduku vya ampli vya volti 12 vipo, vinaingia moja kwa moja kwenye upande wa batri. Dekoda nyingine pia zinaweza kutuma volti 5 kwenye waya ya antene, na kuna ampli zinazotosheka nazo. Ulizeni kabla ya kununua.

UMEME: HESABU YA NYUMBA YA VOLTI 12

Fundi alituambia kwamba shida yetu si mpya. Ulaya kuna watu wanaosafiri na karavani, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Kuta zake nyingi ni za bati, umeme wake ni wa batri ya volti 12, na antene yake inahamishwa kila wanapohama. Kwa watu kama hao, na kwa wenye malori na mashua, vinatengenezwa televizyo, dekoda na ampli za volti 12 ambazo hazihitaji konvertisere. Nyumba zetu za mbao zilizojengwa juu ya mawe ya volkano tangu Nyiragongo ilipolipuka mwezi wa kwanza 2002 ni ndugu wa hizo karavani. Mwenye kiwanja akikitaka kiwanja chake, tunabomoa mbao, tunabeba manjanja, tunahama. Kwa hiyo vyombo vyao vinatufaa.

Hesabu ya kwanza tuliyoandika ilikuwa ya kosa letu. Televizyo ya inchi 32, wati 45. Dekoda, wati 10. Kisanduku cha ampli, wati 3. Konvertisere yenyewe, wati 12. Jumla wati 70. Batri yetu kuukuu ilikuwa na maandishi ya ampea-saa 45, lakini nguvu iliyobaki ndani yake ilikuwa kama ampea-saa 10 tu. Zidisha kwa volti 12, unapata wati-saa 120. Gawanya 120 kwa 70: saa moja na dakika arobaini na kitu. Ndiyo sababu ilizimika katikati ya habari! Hapakuwa na uchawi, wala hapakuwa na mtu aliyekula pesa. Hesabu moja ya darasa la tano ilitosha kumsafisha mweka hazina wetu. Wale memba watatu waliomba radhi, na hisa zao zikabaki.

Kisha tukaandika hesabu ya pili. Tuliuza televizyo kubwa pamoja na konvertisere, kwa hasara, tukanunua ya inchi 22 ya volti 12.

Televizyo, wati 24.
Dekoda, wati 8.
Ampli, wati 1.
Taa ya masomo, wati 5.
Jumla, wati 38.

Kwa saa 4 kila jioni ni wati-saa 152. Gawanya kwa volti 12, ni karibu ampea-saa 13 kwa siku. Tukataka batri ivumilie siku mbili za mawingu, maana mvua ya kwetu mnaijua. Hiyo ni 26. Na batri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiimaliza kila siku inakufa haraka, kama mama anayefanya kazi bila kula. Kwa hiyo 26 mara mbili, ni 52. Tulinunua batri ya sola ya ampea-saa 60. Batri ya gari imefanywa kwa kutoa nguvu nyingi mara moja ili kuamsha motere, haikufanywa kwa kutumika polepole usiku mzima.

Pano ya sola nayo ina hesabu yake. Tulihesabu saa 4 za jua zuri kwa siku, na tukatoa sehemu 30 kwa 100 zinazopotea njiani. Pano ya wati 80 inatupatia 80 mara 4, ni 320. Ukitoa zile 30 kwa 100, zinabaki wati-saa 224. Televizyo na taa zinakula 152. Zinabaki 72. Simu moja inaweza kula kama wati-saa 15 mpaka ijae. Kwa hiyo tunaweza kuchaji simu 4 kwa siku kwa franka 500 kila moja, si zaidi. Watu wanatuletea 15, tunakataa. Anayepokea simu ya tano anakula batri ya kikundi.

Msisahau regilatere, kisanduku kinachokaa kati ya pano na batri. Kinazuia batri isijazwe kupita kiasi, na kilicho kizuri kinakata umeme kabla batri haijashuka sana. Na waya ya kutoka kwenye batri iwe nene, ya milimeta 2,5 kwa mita chache. Kwanza tulitumia waya nyembamba ya taa: batri ilikuwa imejaa, lakini volti karibu moja ilikuwa inapotelea njiani, na televizyo inajizima. Tulimlaumu muuzaji bure, kosa lilikuwa la waya.

Kitu cha mwisho ni mita ya kupimia volti, ambayo haina bei kubwa. Batri iliyojaa, ikipumzika, inaonyesha kama 12,7. Kwenye 12,2 imefika nusu: zima, watoto walale. Siku hizi anayepima kila jioni na kuandika kwenye kaye ni yule binti wa miaka 13.

RADI, ASIDI NA WATOTO

Milima ya mashariki ya Kongo ni kati ya mahali panapopigwa na radi zaidi ulimwenguni. Antene juu ya mlingoti wa chuma inaialika. Mvua ikianza kunguruma hata mbali, chomoeni waya ya antene kutoka kwenye dekoda na kuiweka mbali na watu, tena kabla mvua haijafika, si wakati radi iko juu ya nyumba. Mtoto asitumwe kufanya kazi hiyo, na mtu asipande juu ya paa kugeuza antene wakati wa mvua.

Batri ina asidi, na ikichajiwa inatoa hewa inayoweza kushika moto. Iwekwe mahali panapopita hewa, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, mbali na jiko na mishumaa, wala isiwekwe kwenye chumba cha kulala watoto. Karibu kabisa na batri wekeni fuzibu ya ampea 5. Nyaya mbili zikigusana bila fuzibu, zinawaka, na nyumba ya mbao haingoji mtu kuleta maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Wamama, kabla sanduku halijafunguliwa, jibuni haya pamoja, na katibu aandike:

1. Jirani zetu wanapata chaneli gani, kwa antene gani, inayotazama wapi?
2. Kila kifaa kinakula wati ngapi, na kitawaka saa ngapi kwa siku?
3. Kati ya hivyo, ni vipi vinavyoweza kupatikana vya volti 12?
4. Nani atapima batri, na nani ana ruhusa ya kusema "zima"?
5. Televizyo inafungwa saa ngapi, na nani anawarudisha watoto nyumbani?
6. Kama pesa haitoshi, je, redio inatosha kwanza? Redio ndogo inakula wati 2 tu, na pano ndogo kabisa inaitosha.

Hatujamaliza kurudisha pesa yote iliyopotea. Simu nne kwa siku zinaleta franka 2.000, na kila Jumamosi zinahesabiwa mbele ya wote na kuingia kwenye sanduku la kijani. Bado tuna safari. Lakini jioni, ukipita karibu na nyumba yetu ya mbao, utaona viatu vya watoto vimepangwa mlangoni, na kila mama anajua viatu vipi ni vya nani. Saa mbili na nusu vinaondoka vyote. Na sokoni siku hizi tunakwenda na kaye mkononi, tunauliza wati, tunauliza volti, tunauliza tena. Wauzaji wengine wanakasirika. Sisi tunaendelea kuuliza.